Mdogo wangu anataka kuuza nyumba kwa sababu Yesu anakuja mwaka huu

Swali: Mchungaji, Bwana asifiwe. Mimi ni mama lishe hapa Mwanza. Mdogo wangu yuko Kahama na watoto wawili, mumewe anafanya kazi mgodini Geita. Tangu mwaka jana anasali kwa mtume mmoja anayefundisha kwamba unyakuo, yaani Yesu kuja kuwachukua walio wake, utatokea kabla mwaka huu haujaisha. Mtoto wake mkubwa amemtoa shule, na sasa anatafuta mteja wa nyumba ili atoe sadaka ya mwisho. Nikimshauri ananiambia mimi ni vuguvugu, nitaachwa hapa duniani na masufuria yangu. Kinachonitisha zaidi ni kwamba huyo mtume kuna mambo aliyatabiri na yakawa. Nitajuaje kama ni wa Mungu au ni wa uongo? Na mimi mwenyewe nijiandaeje?

Jibu: Dada yangu, asifiwe milele. Kabla ya kumgusa huyo mtume, nikubaliane na mdogo wako katika jambo moja: Yesu anarudi. Kila Jumapili tunakiri kwamba atakuja kuwahukumu walio hai na waliokufa. Lakini jiulize, mara ya mwisho kusikia mahubiri ya kurudi kwake katika makanisa yetu haya makongwe, nje ya Adventi, majuma yale ya kungojea Krismasi, na misiba, ilikuwa lini? Wachungaji tumeliacha shamba hilo likawa pori, wengine wakaja wakapanda mbegu zao. Mdogo wako alikuwa na njaa halali, akala kwa aliyempa. Ukienda kuongea naye usimfanye mjinga.

Sasa tuje kwenye masufuria. Mathayo 24, sura ile ile inayotumiwa na kila mwenye kutangaza tarehe, Yesu anaifunga kwa swali: "Ni nani basi yule mtumwa mwaminifu mwenye akili, ambaye bwana wake alimweka juu ya nyumba yake, awape watu chakula kwa saa yake? Heri mtumwa yule, ambaye bwana wake ajapo atamkuta akifanya hivyo." Soma tena taratibu. Wanafunzi walimwuliza dalili za mwisho wa dunia, naye akamalizia kwa habari ya mtu anayepakua chakula wakati wake. Bwana anamkuta palepale alipomwacha, mwiko mkononi, watu wameshiba. Anayehukumiwa katika mfano ule ni mwenzake, yule aliyeanza kuwapiga wajoli wake, yaani watumwa wenzake, na kula na kunywa na walevi. Kwa hiyo mdogo wako akikwambia Yesu atakukuta na masufuria, mwambie amin, na umwombee naye akutwe na ya kwake.

Neno linalotuponza katika sura hiyo ni "kesheni". Kwetu kukesha ni mkesha: tunaimba hadi alfajiri, asubuhi tunalala. Yesu alilieleza kwa mwenye nyumba na mwivi. Mwenye nyumba angejua zamu ya mwivi kuja, angekesha zamu hiyo tu, nyingine angelala. Ni kwa kuwa hajui ndiyo maana lazima awe macho siku zote. Fikiria mlinzi wa duka aliyeambiwa wezi watakuja Ijumaa saa nane usiku. Jumatatu hadi Alhamisi ataweka rungu chini. Anayekupa tarehe ya kuja kwa Yesu amekupa ruhusa ya kusinzia hadi siku hiyo, na ikipita bila kitu utaona haya au utasinzia moja kwa moja. Ndiyo maana Yesu alisema siku ile na saa ile hakuna aijuaye, hata malaika, wala Mwana, ila Baba peke yake. Wenye ujanja hujibu: "Alisema siku na saa, hakusema mwaka wala mwezi." Waelekeze Matendo 1:7, ambako nyakati na majira pia yamefungiwa humohumo: "Si kazi yenu kujua nyakati wala majira."

Kuna jambo katika mfano wa wanawali kumi waliotoka na taa kumlaki bwana arusi (Mathayo 25) ambalo nimelifundisha miaka mingi darasani, na bado kila mwaka kuna mwanafunzi anayebisha. Wote kumi walilala. Wenye busara walisinzia kama wapumbavu. Kilichowatofautisha ni mafuta ya akiba, na akiba ni ya nini kama si ya kuchelewa? Wapumbavu walipiga hesabu kwamba bwana arusi yuko karibu, kwa nini wajitwishe vyombo? Wenye busara walijiandaa kwa mambo mawili: aje sasa hivi, au akawie mpaka usiku wa manane. Mtu aliyemtoa mtoto shule kwa sababu hakuna mwaka kesho, huyo amebeba taa bila akiba. Kwa kipimo cha mfano wenyewe amesimama upande wa wale watano asioutaka.

Tena mafuta yale hayakugawanyika. Wapumbavu waliomba, wakanyimwa, si kwa uchoyo bali kwa sababu imani ya mtu haimiminwi katika taa ya mwingine. Nayasema haya kwa vile siku hizi mafuta yana bei, na tumefika mahali ambapo Februari 1, 2020, pale Moshi katika uwanja wa Majengo, watu 20 walikufa kwa kukanyagana wakikimbilia kukanyaga mafuta ya upako. Walikuwa watu wa kawaida, wenye magonjwa na madeni kama yangu na yako. Siwacheki.

Haya ya tarehe hayakuanza Kahama. Mwanzoni mwa karne ya 3, mwalimu mmoja wa Kanisa aitwaye Hippolytus aliandika habari za maaskofu wawili wa nyakati zake. Mmoja, huko Siria, aliwachukua waumini na wake zao na watoto wakatoka kwenda jangwani kumlaki Kristo. Wakatangatanga milimani mpaka wakadhaniwa ni majambazi, wakaponea chupuchupu kuuawa. Wa pili, huko Ponto, alikuwa mtu mcha Mungu na mnyenyekevu, lakini akaanza kuota ndoto. Ndoto ya kwanza, ya pili, ya tatu, kisha akatangaza hukumu itakuja ndani ya mwaka mmoja, tena akaongeza kwamba isipotokea wasiyaamini tena Maandiko. Watu wakaacha mashamba, wakauza mali. Mwaka ukaisha. Hippolytus anasema wanawali waliolewa, wanaume wakarudi kulima, na waliouza vyao wakaonekana wakiomba chakula. Ona kwamba huyo wa pili hakuwa tapeli. Alijidanganya mwenyewe kwanza. Nabii wa uongo anaweza kuwa mtu mpole, anayefunga na kulia kwa machozi ya kweli, kwa hiyo usipoteze muda kupima kama mtume wa mdogo wako "anaamini anachosema". Huenda anaamini.

Mifano ni mingi, nitaruka mingi. Huko Marekani William Miller na wenzake walingoja Oktoba 22, 1844, kukakucha wakiwa palepale. (Waadventista wametokana na mkasa ule, na kwa haki niseme kanisa lao leo halipangi tarehe.) Harold Camping alitangaza Mei 21, 2011, kisha Oktoba 21 mwaka uleule, na mwaka 2012 akakiri kwamba alikosea. Kukiri kwake kulihitaji ujasiri ambao wengi hawana.

Iliyo karibu nasi ndiyo inayoninyima usingizi. Kanungu, kusini-magharibi mwa Uganda, kundi lililojiita la kurejesha Amri Kumi lilitangaza kwamba dunia ingeisha Desemba 31, 1999. Wafuasi waliuza mashamba na mifugo, fedha zikaenda kwa viongozi. Watu waliishi pamoja na walikatazwa hata kuzungumza, wakawasiliana kwa ishara za mikono. Miongoni mwa viongozi alikuwemo padri aliyesoma hadi Marekani, kwa hiyo usidhani elimu ni kinga. Tarehe ikapita. Waliotoa mali wakaanza kuuliza. Machi 17, 2000, kanisa lao likaungua na mamia ya watu ndani, madirisha na milango imefungwa, na baadaye miili mingine mamia ikafukuliwa katika mashimo kwenye nyumba za kundi hilo. Kumbuka mpangilio huo: tarehe ilipita kwanza, maswali yakafuata, kisha vifo. Nitaurudia mwishoni kwa ajili ya mdogo wako.

Kisha Aprili 2023, Kilifi nchini Kenya, msitu wa Shakahola. Watu walihamia porini kujitenga na dunia, na kwa mujibu wa mashtaka waliambiwa wafunge hadi kufa ili wakutane na Yesu. Mabaki ya watu zaidi ya 400 yalifukuliwa, wakiwamo watoto wengi. Mhubiri Paul Mackenzie na wenzake walifikishwa mahakamani, na mwaka 2024 walikana mashtaka. Hukumu tuiachie mahakama. Mimi nashika mstari mmoja tu wa Mathayo 24:26: "Basi wakiwaambia, Yuko jangwani, msitoke." Nilipofundisha mstari huu zamani nilikuwa nauona kama wa Yudea ya kale. Halafu weka kando yake mtumwa aliyewekwa awape watu chakula kwa saa yake. Huwezi kupata kinyume kilicho wazi zaidi.

Nami sikusalimika. Mwaka 1999 nilikuwa kijana wa kwaya huko kwetu Tukuyu. Mhubiri mgeni akatuambia tusiwe na habari na mwaka 2000. Novemba mvua zikaanza, watu wakapanda, mimi nikawa nazunguka na Biblia nyumba kwa nyumba. Ekari yangu moja ilikaa bila mbegu. Baba yangu, Mmoravian wa zamani asiye na maneno mengi, hakunigombeza. Alimaliza la kwake, akachukua jembe akapanda na la kwangu. Mimi mwenyewe sikujua mpaka mahindi yalipoota. Tulikula mahindi hayo mwaka mzima, na mpaka anazikwa hakuwahi kunikumbusha. Nikimwona mdogo wako huko Kahama namwona yule kijana.

Umesema unatishwa na mambo aliyoyatabiri yakawa. Hapa wengi hunasa, kwa sababu tumefundishwa kipimo kimoja tu, kile cha Kumbukumbu la Torati 18: lisipotimia, hakutumwa na BWANA. Ni kipimo kizuri, ila kuna kingine sura chache nyuma, Kumbukumbu 13. Pale Musa anasema akizuka nabii au mwotaji wa ndoto, akatoa ishara, na ishara hiyo ikatukia, lakini akawavuta watu kwa miungu mingine, msimsikilize. Ishara imetokea, naye bado ni wa uongo. Yesu naye anawataja watakaosema siku ile kwamba walitoa unabii na kufanya miujiza kwa jina lake, naye atawaambia hakuwajua kamwe. Kwa hiyo swali la "je, ilitimia?" peke yake halitoshi. Uliza pia: ananipeleka kwa nani? Tangu mdogo wako amfuate, anamtaja Yesu zaidi au anamtaja mtume zaidi? Anaweza kuomba nyumbani kwake akapata amani bila maji, udongo au picha ya mtu huyo? Toba kwake ni kuacha dhambi na kumrudia mtu aliyemkosea, au imekuwa ni kutokukosa ibada ya mtume?

Na mengi "yanayotimia" ni ya kawaida tu. Ukiwaambia watu elfu moja kwamba kuna mmoja wao ana ndugu mgonjwa wa miguu, utashangiliwa. Ukitabiri ajali ya basi kabla ya Desemba katika nchi hii, hukuhitaji malaika. Yaliyotimia yanarekodiwa na kurushwa, yaliyokosa hayana wa kuyatunza. Chukua daftari, mwombe mdogo wako mwandike pamoja unabii wote anaoukumbuka, uliotimia na usiotimia, na tarehe. Msibishane. Mwandike tu.

Habari ya fedha Wakristo wa kwanza waliikata mapema. Kuna kitabu kidogo cha mwongozo, Didake, yaani Mafundisho ya Mitume Kumi na Wawili, cha mwisho wa karne ya 1 au mwanzo wa ile ya 2. Kilikuwa kimepotea, nakala yake ikapatikana Konstantinopoli mwaka 1873. Wakati ule manabii walikuwa wakizunguka kama leo, na makanisa yaliwapenda, lakini yaliwapimia. Mtume akija apokewe kama Bwana, akae siku moja, ikibidi mbili. Akikaa tatu ni nabii wa uongo. Akiondoka apewe mkate wa kumfikisha anakolala. Akiomba fedha ni nabii wa uongo. Akisema katika roho "nipeni fedha", asisikilizwe, isipokuwa anawaombea wengine wenye shida. Akiagiza katika roho meza iandaliwe, kisha akaila yeye mwenyewe, ni wa uongo. Na akitaka kukaa, basi afanye kazi yake ya mikono ale. Kila nikisoma ukurasa ule nacheka peke yangu, maana wazee wetu walisema hayohayo: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kwa mizani hiyo pima "sadaka ya mwisho". Kama dunia inaisha Desemba, mtume anaitaka nyumba ya Kahama ya nini? Mwombe mdogo wako amwulize aandikishiane naye: Januari ikifika, nyumba irudi. Jibu atakalopewa litamfundisha kuliko mimi.

Lakini najua hataweza kuuliza, kwa sababu ameogopeshwa. Ameambiwa "msiwaguse masihi wangu", yaani mtumishi wa Mungu hahojiwi. Mfungulie Zaburi 105, msome mstari wa 14 kabla ya wa 15. Pale Mungu anawakemea wafalme kwa ajili ya Abrahamu, Isaka na Yakobo, wahamiaji waliokuwa wachache na wageni. Ni neno la kumlinda mnyonge dhidi ya mwenye nguvu. Leo limegeuzwa kumlinda mwenye nguvu dhidi ya mjane anayeuliza sadaka yake ilienda wapi. Paulo alipohubiri Beroya watu walikwenda kuchunguza Maandiko waone kama anachosema ndivyo kilivyo, na wakasifiwa kwa hilo. Na ile Kumbukumbu 18 kuhusu nabii ambaye neno lake halikutimia inaishia na neno moja ambalo ningependa mdogo wako alikariri: "usimwogope".

Kuhusu uvuguvugu, waumini wa Laodikia, kanisa linalokemewa katika Ufunuo 3, hawakuitwa hivyo kwa kufanya kazi. Waliitwa hivyo kwa kusema wao ni matajiri, hawana haja ya kitu. Lidia, yule mama wa Matendo 16, aliuza nguo za zambarau na nyumba yake ikawa mlango wa Injili. Wathesalonike ndio walioacha kazi wakidhani siku ya Bwana imekwisha kuwapo, na Paulo akawaandikia kwa ukali: asiyetaka kufanya kazi, asile. Kwa Timotheo aliongeza kwamba asiyewatunza wa nyumbani mwake ameikana imani.

Sikwambii kwamba kupika kwako kunatosha. Yohana anasema kila mwenye tumaini hili hujitakasa. Kuna mtu huongei naye tangu msiba wa mama? Mpigie. Kuna binti anayekuoshea vyombo unamcheleweshea ujira wake? Mlipe leo jioni. Kuna dhambi unayoijua wewe na Mungu tu? Iache, na kama imekushinda mwendee mchungaji wako umwambie. Shiriki meza ya Bwana, maana kila tunapoula mkate ule tunatangaza mauti yake hata ajapo. Somesha watoto. Mtu aliyefanya haya hatishwi na Desemba wala hakatishwi tamaa na Januari.

Sasa nenda Kahama, usimalize kwa simu. Mambo mawili usiyasubirie maombi yafanye yenyewe. Shemeji yako ajue leo habari ya nyumba: Sheria ya Ndoa ya 1971 hairuhusu nyumba ya ndoa iuzwe bila ridhaa ya mwenzi, na mwenyekiti wa mtaa aambiwe ili asishuhudie mauziano. Pili, mtoto. Arudi shule, ikibidi uje naye Mwanza kwa muda. Na ukikuta watoto wanafungishwa, au mgonjwa ananyimwa dawa, usianze kujadili theolojia. Nenda ofisi ya ustawi wa jamii au polisi, au piga 116, namba ya simu ya mtoto. Sheria ya Mtoto ya 2009 haina msamaha kwa mwenye unabii.

Mengine yaende polepole. Usimtukane mtume mbele yake, atamtetea. Kula naye, sali naye, soma naye Mathayo 24 na 25 kwa mkao mmoja bila kumkatiza. Na kumbuka Kanungu. Hatari kubwa huwa baada ya tarehe kupita, mtu anapoona aibu na kundi linapoanza kubana wanaouliza. Wakati huo ndugu wengi huwa wameshamchoka, wamemcheka, wamekata simu. Panga safari yako uwe kwake tangu Desemba 30. Beba unga, mchele na mafuta ya kupikia. Januari mosi asubuhi amka mapema, washa moto, na habari ya tarehe usiitaje mpaka aitaje yeye.